Kusikiliza Mahubiri si Kunyamaza

Imekuwa desturi ya wahubiri wengi, Gairo kama kwingineko Tanzania, kuwalaumu waumini kwamba hawasikilizi. Huyu asinzia, yule achungulia dirishani, wa tatu ameinamia simu. Basi hukemewa, kisha huamriwa waitikie "Amina" kwa nguvu zaidi, kana kwamba sauti ya koo ni ushahidi wa kazi ya moyo. Lawama hiyo ina nusu tu ya haki. Aliyekwenda ibadani kwa hiari yake hana ruhusa ya kulifanya neno la mhubiri kuwa mto wa kulalia. Hilo halina ubishi. Lakini usikivu ni deni la pande mbili, na upande wa mimbari haujalipa.

Wapendao kukemea humtaja Eutiko, yule kijana wa Troa aliyesinzia dirishani Paulo aliporefusha maneno hata usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Afadhali wangesoma mbele kidogo. Kitabu cha Matendo hakimwonyeshi Paulo akikaripia mtu. Alishuka, akamkumbatia kijana, akapanda tena, akamega mkate, akaongea nao mpaka alfajiri. Na kitenzi cha Kiyunani alichokitumia Luka hapo ni cha shina moja na homilia, neno ambalo Wakatoliki huyaitia mahubiri hata leo. Asili yake ni mazungumzo.

Ukaguru wenyewe una ushahidi wa karibu zaidi. J. T. Last, mmisionari wa C.M.S. aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi na mtu asemaye tu. Hakuna budi aliuliza, akakosea, akasahihishwa na watu wale wale aliokuja kuwafundisha. Hakutumwa kwa ajili hiyo, lakini bila hiyo asingeweza kuhubiri.

Leo Gairo, wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, ni mji wa barabara kuu iendayo Dodoma, nao hukutanisha Wakaguru, Wagogo na wageni wengi. Kiswahili kwafaa kuwaunganisha. Hata hivyo, mzee ambaye wiki nzima amesema Kikaguru shambani hupewa Kiswahili cha vitabuni, kwa kipaza sauti kinachokwaruza, wala hana mahali pa kusema: hapo sikuelewa. Akisinzia, ni nani aliyemlaza? Hata msimulizi wa hadithi za usiku huitikiwa na watoto, na asipoitikiwa hujua kwamba yu peke yake.

Watakuwapo watakaosema kwamba maswali yataleta fujo. Ni fujo ipi ipitayo ile ya watu mia kutoka mlangoni, kila mmoja na maana yake, na mhubiri asijue hata moja? Robo saa ingetosha, baada ya ibada, mhubiri akiketi nje katika benchi moja na waumini, na swali la kwanza likawa lake: mmesikia nini?