Tumsikilize Mtoto Mwenye Usonji

Wazazi wetu walicheka na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania bila kuwaona. Sauti pekee iliwatosha. Mchekeshaji wa Marekani, D. L. Hughley, naye sauti imemlisha: ndiye aliyelisemea gari linalozungumza katika filamu ya Inspector Gadget ya mwaka 1999. Nyumbani amelea mtoto mwenye usonji, wala hakuona haya kulieleza hilo hadharani.

Hapa Kaliua haya ingalipo. Usonji si jini, si laana, wala si matokeo ya malezi mabovu. Ni namna ubongo ulivyokua. Ijumaa moja msikitini petu mtoto aliziba masikio kwa mlio wa spika, akalia kwa nguvu. Sisi wanakamati tukamkodolea macho baba yake. Tangu siku ile hawajarudi.

Katika Sura ya Abasa, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikumbushwa kwa ajili ya kipofu mmoja. Sisi ni nani tusikumbushwe? Wiki hii tunakwenda kumwomba radhi baba yule, na spika tutaipunguza sauti. Wabillahi tawfiq.