Rais wa Marekani si Mfalme

Wako wengi barani Afrika wadhanio ya kuwa Rais wa Marekani akisema neno, basi neno hilo limekwisha kuwa. Likitokea jema, yeye ndiye asifiwaye. Likitokea ovu, yeye peke yake ndiye alaumiwaye. Twaona ya kuwa fikira hii si sahihi, tena ina hasara, kwa maana asiyejua mlango wa nyumba ulipo hupiga hodi ukutani.

Katiba ya nchi ile iliandikwa mwaka 1787 na watu waliokuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo waliyagawa madaraka kwa makusudi. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, lakini kutangaza vita ni kazi ya Bunge. Hawezi kutoa hata senti moja katika hazina pasipo sheria. Naye akiukataa mswada, mswada huo waweza kuwa sheria vilevile, iwapo thuluthi mbili za Baraza la Wawakilishi na thuluthi mbili za Seneti zitaupitisha tena.

Sisi Waafrika tuliyaona hayo mwaka 1986. Bunge lilipitisha mswada wa kuiwekea vikwazo serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini. Tarehe 26 Septemba Rais Ronald Reagan akaukataa. Chama chake ndicho kilichokuwa na viti vingi katika Seneti, hata mtu angeweza kudhani maneno yamekwisha. La! Wawakilishi walimpinga kwa kura 313 kwa 83, na tarehe 2 Oktoba Maseneta wakampinga kwa kura 78 kwa 21, wakiongozwa na Richard Lugar, mtu wa chama chake mwenyewe. Mitaji mipya ya Wamarekani ikazuiwa. Chuma, makaa ya mawe na urani ya Makaburu ikapigwa marufuku.

Ushindi ule haukushuka kutoka mbinguni. Tangu Novemba 1984 watu walikuwa wakiandamana mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington na kukubali kutiwa mbaroni. Wanafunzi walivitaka vyuo vyao viondoe fedha katika makampuni yaliyofanya biashara na Makaburu. Wajumbe weusi, kama Ronald Dellums, walidai vikwazo mwaka hata mwaka. Maseneta walipogeuka nyuma, waliwaona wapiga kura wao wamesimama.

Lakini tusidanganyike: mpaka usiolindwa si mpaka. Mwezi Agosti 1964 Rais Lyndon Johnson aliliomba Bunge idhini ya kutumia nguvu huko Asia ya kusini mashariki. Wawakilishi 416 wakakubali bila hata mmoja kupinga. Katika Seneti wawili tu walikataa. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapo wengi walikuwapo, na neno likaharibika. Vita vya Vietnam, ambavyo Bunge halikuvitangaza kamwe, viliwaua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnam wengi kuliko hao mara nyingi.

Mwaka 1973 Bunge lilizinduka. Likatunga sheria, juu ya pingamizi la Rais Richard Nixon, ya kwamba majeshi yaondolewe vitani baada ya siku 60 ikiwa halikutoa idhini. Hata hivyo, mwaka 2011 Rais Barack Obama aliendelea kuipiga Libya baada ya siku hizo kupita, serikali yake ikidai kuwa mapigano yale siyo yaliyokusudiwa na sheria. Bunge halikumzuia.

Basi twasema hivi: nguvu nyingi za Rais yule ni za kuazima. Mwenye mali ni Bunge, na aliyelituma Bunge ni mpiga kura. Serikali za Afrika zipelekazo wajumbe Washington zisiishie kwenye kizingiti cha Ikulu. Na ziende pia kwa wale washikao mfuko na sheria. Na raia wa kila nchi na akumbuke ya kuwa katiba haina mikono. Mikono ni yake yeye.