Utu wa Mzee Haupimwi kwa Hesabu ya Vitanda

Wapo maofisa ambao, wakitumwa kukagua makazi ya wazee, huhesabu vitanda, hutazama paa, hupekua daftari la ghala, kisha huondoka. Taarifa huandikwa kwamba hali ni ya kuridhisha. Mzee mwenyewe hakuulizwa hata neno. Huo si ukaguzi. Ni urasimu uliovishwa joho la huduma.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na huyahesabu matunzo ya makazini kuwa ni kimbilio la mwisho. Basi aliyefikishwa huko hana mlango mwingine wa kubisha.

Kipimo cha WHOQOL-OLD, kilichotokana na kazi ya Shirika la Afya Duniani, kina maswali 24, na hakuna hata moja linalohusu mabati. Mzee huulizwa kama anao uhuru wa kujiamulia mambo yake, kama anashirikiana na wenziwe, kama anapendwa, na kama anakihofu kifo.

Yatadaiwa kwamba fedha ni haba. Je, kumwamkia mzee, kuketi naye na kumsikiliza kunagharimu senti ngapi? Chakula na dawa ni haki yake, wala si hisani. Lakini hata mfungwa hulishwa. Ofisa na arudi makazini, aanze kwa mzee, amalizie ghalani.