Karani Naye Atie Sahihi

Kila taasisi inunuapo mfumo mpya wa kompyuta, uwe wa kuandikisha wagonjwa, wa kutoza ushuru au wa kulipa mishahara, hufika siku ambayo mafundi waliouunda husema kazi yao imekwisha, na mnunuzi hutakiwa atie sahihi hati ya kukiri kwamba ameupokea na kuuridhia. Kabla ya sahihi hiyo, kanuni ya fani hii yataka mfumo upitishwe mikononi mwa wale watakaoutumia, waujaribu wao wenyewe na kusema kama wafaa au haufai. Ilhali aghalabu linalotukia ni kwamba mkuu wa idara, ambaye hatabonyeza hata kitufe kimoja cha mfumo huo, huonyeshwa mambo ukutani kwa projekta, akakirimiwa chai na sambusa, kisha akatia sahihi kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza. Naliona jambo hili kuwa dhuluma kwa karani na hasara kwa umma, wala sioni udhuru wake.

Wakenya wanao mfano mwema nyumbani kwao. Mnamo Oktoba 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom, zikishirikiana na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, zilianza kuujaribu mfumo wa M-Pesa huko Thika, Mathare na katikati ya Nairobi, kwa wateja wasiofika 500. Muradi wa waliouunda ulikuwa kwamba mkopaji apokee mkopo wake na kulipa marejesho kwa njia ya simu, basi. Lau majaribio yale yangalikuwa ya kutia alama ya ndiyo au siyo katika karatasi, tungaliambiwa kwamba marejesho yanafika, na shauri lingaliishia hapo. Lakini waliosimamia kazi ile, akiwamo Susie Lonie wa Vodafone, waliwatazama wateja wakifanya watakavyo, wakaona mambo yasiyokuwamo katika mpango: mwenye safari aliweka fedha kwa wakala kabla ya kupanda gari na kuzitoa afikapo, asije akaporwa njiani, mfanyabiashara alimlipa mwenziwe, mtu alilipa mkopo wa mwingine, aliye mjini alimnunulia salio jamaa yake aliye mashambani. Faulu nayo ilipata taabu kuoanisha hesabu za mfumo na vitabu vyake. Basi M-Pesa ilipozinduliwa kwa nchi nzima Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, na huduma ilikuwa ya kutumiana fedha. Shauri hilo lilitoka kwa wateja, na waliowasikiliza hawakujuta.

Kinyume chake kilionekana London tarehe 26 Oktoba 1992, siku ambayo idara ya magari ya wagonjwa ya jiji lile iliacha vikaratasi vyake vya zamani na kuukabidhi mfumo mpya wa kompyuta kazi ya kuchagua gari gani liende wapi. Mfumo ule ulikuwa na sharti moja zito: ujue wakati wote kila gari liko mahali gani na linafanya nini. Madereva na wahudumu, wenye mgonjwa mikononi, walibonyeza vitufe kwa mpangilio usiotazamiwa au hawakuvibonyeza kabisa, na mawimbi ya redio hayakushika kila mtaa. Taarifa zikapotoka, magari mawili yakatumwa kwa mgonjwa mmoja huku mwingine akingoja, na waliochoka kungoja wakapiga simu tena, wakaongeza msongamano juu ya msongamano. Uchunguzi uliotolewa Februari 1993 ulieleza kinagaubaga kwamba mfumo haukuwa umekamilika wala kujaribiwa ipasavyo, na kwamba watumishi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha. Mfumo haukuwahi kuonjeshwa siku ya kazi kamili, pamoja na haraka na makosa ya wanaoutumia.

Wataalamu watanijibu kwamba siku hizi zana ziko tele: majedwali yenye safu ya hatua, safu ya matokeo yanayotarajiwa na safu ya yaliyopatikana, programu za kusajili kasoro na kumtaja aliyepewa kuitengeneza, hata vyombo vinavyorekodi skrini wakati mtu anafanya kazi. Sizidharau zana hizo, na hicho chombo cha kurekodi nakipenda sana, maana hakijui kumwonea haya mkubwa. Ila nauliza: hatua zile zimeandikwa na nani? Zikiandikwa na fundi, zitamhusu mgonjwa mwenye majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Karani wa mapokezi angaliandika habari ya bibi aletwaye na mjukuu, asiyejua mwaka aliozaliwa, umeme ukakatika katikati ya kumwandikisha, na nyuma yake foleni imefika mlangoni. Aidha, kasoro ikionekana, ni nani mwenye kuamua kama ni kubwa au ndogo? Mara nyingi huamua yule yule atakayelipwa kwa haraka zaidi ikiitwa ndogo, na hilo hata mtoto atalikataa katika mchezo wa bao.

Kwa hiyo nawasihi wanaotunga mikataba ya serikali, mashirika na vyama vya ushirika waweke masharti mawili kwa maandishi. Kwanza, majaribio yafanywe mahali pa kazi, katika saa za kazi, kwa vifaa vile vile vitakavyotumika, na hukumu ya ukubwa wa kasoro iwe ya watumiaji. Pili, malipo ya mwisho yasitolewe mpaka hati ya kupokea iwe na sahihi za makarani, wauguzi au watoza ushuru waliojaribu, kando ya sahihi ya mkuu wao. Nao wakikataa, fundi arudi kazini.