Bima ya Nyumba: Tusitazame Bei Peke Yake

Mwenye nyumba wa Kisimayu anayetaka kukata bima hivi leo anakabiliwa na jambo ambalo baba yake hakulijua, nalo ni kuchagua. Katika miaka ya 1970 biashara ya bima nchini Somalia iliwekwa mikononi mwa shirika moja la Serikali. Aliyetaka bima alikwenda huko, na asiyeridhika hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa ndugu zetu wa Tanzania Bara tangu mwaka 1967, na kwa wale wa Zanzibar waliounda shirika lao mwaka 1969, mpaka soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Tofauti ni kwamba mashirika yao yamesalia, ilhali letu lilianguka pamoja na dola mwezi Januari 1991, na hati zilizokuwa ndani ya masanduku ya watu zikageuka karatasi tupu kwa usiku mmoja.

Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo hapakuwa na bima ya kuzungumzia. Kampuni za kwanza zilizojitokeza Mogadishu katika miaka ya 2010 zilikuja kwa njia ya takaful, ambayo ndiyo inayokubaliana na imani ya watu wa nchi hii. Washiriki huchanga katika mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, aliyepatwa hulipwa kutoka mfuko huo, msimamizi huchukua ujira wake uliotajwa wazi, na ziada ikipatikana yaweza kurudishwa kwa wachangaji. Wabajuni hawahitaji kufunzwa maana yake. Nyumba ikiungua Chovai au Koyama, jirani huleta boriti, mwingine huleta makuti, na wanawake hupika kwa ajili ya wajenzi. Takaful ni desturi hiyo hiyo iliyotiwa hesabu na sahihi.

Lakini penye hesabu na sahihi ndipo penye hatari ya kupotea, na hilo ndilo linalotufanya tuandike. Mtu akiwa na kampuni mbili au tatu mbele yake, jambo la kwanza analouliza ni bei. Hatumlaumu. Hata hivyo, bei ni swali la mwisho katika bima, wala si la kwanza.

Tuchukue mfano wa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa huko soko ni kubwa na viwango vyake vinajulikana. Mpaka huo uliwekwa pale Ras Kamboni mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Juba, na ukawagawa Wabajuni wa Kiunga na Faza na wenzao wa Chula na Kisimayu. Nchini Kenya kampuni zinazouza bima za mali ni zaidi ya 30. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni asilimia 0.15 ya thamani ya jengo na asilimia 1 ya thamani ya vyombo vilivyomo. Nyumba ya shilingi milioni 4 za Kenya yenye vyombo vya shilingi 500,000 italipiwa shilingi 6,000 na shilingi 5,000, yaani jumla 11,000 kwa mwaka, ukiongeza tozo za kisheria za asilimia 0.45 na stempu ya shilingi 40. Kampuni nyingine itataka asilimia 0.25 kwa jengo lile lile, na jumla itapanda hadi 15,000. Mtu asiye na habari atakwenda kwa wa 11,000 na kujiona mjanja.

Sasa na aifungue hati aisome. Atakuta kwamba nyumba iliyokusudiwa katika bei hiyo ni ya kuta za mawe, matofali au saruji, iliyoezekwa kwa vigae, bati au zege. Nyumba ya makuti ni lazima itangazwe mapema, na kampuni ikiikubali huidai bei ya juu zaidi. Asiyetangaza, siku ya moto huambiwa kwamba alificha jambo la msingi, na hapewi kitu. Atakuta vilevile sharti la uwiano. Maana yake ni kwamba aliyeikatia bima ya milioni 2 nyumba yenye thamani ya milioni 4, akipata hasara ya milioni 1, atalipwa nusu milioni tu, kwa hoja kwamba nusu nyingine alijidhamini mwenyewe. Wengi hupunguza thamani ili walipe kidogo, na sharti hilo huwangoja kimya.

Atakuta pia kwamba nyumba ikiachwa tupu kupita siku zilizotajwa, ambazo mara nyingi ni 30, kinga ya wizi husimama. Huko Nairobi sharti hilo huenda lisimuumize mtu. Lakini mvuvi anayehama na pepo za kaskazi kwenda kukaa dago, yeye na jamaa zake, akarudi bahari inapochafuka kwa kusi, analipa ada ya miezi 12 kwa kinga ya miezi michache. Je, kuna aliyemweleza hayo alipokuwa akitia sahihi?

Tuseme pia juu ya vyombo. Katika nyumba ya mvuvi, kitu chenye thamani kuliko vyote si kitanda wala kabati. Ni mashine ya mashua iliyoegemezwa ukumbini, na nyavu zilizotundikwa juu yake. Bima ya nyumba ya kawaida huvihesabu vitu hivyo kuwa mali ya biashara na kuviweka kando. Moto ukipita, kampuni italipa viti na kumwacha mwenye nyumba bila riziki. Dhahabu ya mke nayo huwekewa kikomo. Kwa hiyo hati mbili zenye bei moja zaweza kuwa tofauti kama mashua na jahazi, na anayelinganisha tarakimu mbili peke yake hajalinganisha chochote.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni kulipia hatari isiyokuwapo. Mwezi Novemba mwaka 2020 tufani iliyopewa jina la Gati iliipiga Puntland kwa nguvu ambayo haijapata kupimwa katika nchi hii. Tetemeko la Desemba 2004 lililotokea mbali huko Sumatra lilileta mawimbi yaliyoua watu karibu 300 katika pwani yetu, na kijiji cha Hafun, kaskazini, ndicho kilichoumia zaidi. Kampuni yenye makao yake Mogadishu yaweza kutoa bei moja kwa pwani yote kwa kutazama misiba hiyo. Lakini Kisimayu imekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, na tufani za aina ya Gati haziwezi kujiunda jirani na mstari huo. Hatari zetu ni nyingine. Mafuriko ya Mto Juba, kama yale ya mwaka 1997 na ya mwaka 2023, huwatesa walio karibu na mto. Chumvi hula bati. Bahari nayo huchimba msingi wa nyumba za visiwani kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, na hati nyingi hukataa kulipia madhara yajayo polepole namna hiyo. Juu ya yote upo moto wa makuti wakati wa kiangazi, ambao huruka kutoka paa hadi paa kabla ndoo ya kwanza haijatoka kisimani. Mwenye nyumba wa huku ana haki ya kuuliza kwa nini alipie upepo wa Hafun na asikingwe na moto wa Chula.

Suala la uwezo wa kampuni kulipa hatutalirefusha, kwa sababu ushahidi wake uko karibu. Nchini Kenya kampuni ya bima iliyokuwa mali ya Serikali yenyewe ilifilisika mwaka 1996. United ilifuata mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na katika kila tukio walikuwako watu waliokuwa wamelipa ada zao zote. Kwa hiyo na tuulize kila kampuni ni nani aliye nyuma yake anayechukua sehemu ya hasara kubwa, na ni madai mangapi imelipa. Kampuni yenye rekodi njema haitachukizwa na maswali hayo.

Yote tuliyoyasema yanamhusu mtu aliye na nyumba na anayeweza kuthibitisha kuwa ni yake. Hapa tunafika penye uchungu.

Vita vilipofika Kisimayu na visiwani mwaka 1991, Wabajuni wengi walipanda mashua na kukimbilia Kenya. Walikaa kambini, Jomvu karibu na Mombasa na kwingineko. Wengine walirudi baada ya miaka, wengine hawajarudi hadi leo. Waliorudi wengi walikuta mlango wa nyumba yao ukifunguliwa na mtu mwingine. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa pale pale kisiwani, zikarithiwa kutoka kwa babu kwa ushahidi wa majirani na mgawanyo wa kadhi, na aghalabu bila karatasi. Hasara hiyo hakuna bima yoyote ya kawaida ambayo ingeilipia. Vita, uasi na unyang'anyi wa wenye silaha huondolewa katika hati za bima ulimwenguni kote, isipokuwa kwa anayenunua kinga ya pekee kwa bei ya pekee. Hilo tunalikubali, kwa kuwa hakuna mfuko unaoweza kulipa mji mzima kwa siku moja.

Tusilolikubali ni hili linaloweza kufuata. Bima humtaka mwenye kuikata awe na maslahi katika mali hiyo. Kampuni iliyo na haraka ya kupata wateja itamwandikia hati yeyote anayeishi ndani na kulipa ada. Mwaka wa kwanza hati hiyo ni ya bima. Mwaka wa tano itatolewa mbele ya mzee wa mtaa kuwa ni ushahidi kwamba nyumba ni ya fulani, maana jina lake limo, na muhuri upo. Mwenyewe halisi, aliyeko Mombasa au ughaibuni, mwenye mashahidi wazee na asiye na karatasi, atashindwa na risiti ya dola chache. Kwa njia hiyo kitu kilicholetwa kuwalinda watu na hasara kitahalalisha hasara kubwa kuliko zote walizozipata.

Kwa hiyo twazitaka mamlaka za Jubaland na za Serikali ya Shirikisho zitoe amri fupi na ya wazi. Kila hati ya bima ya jengo na iandikwe ukurasa wa kwanza kwamba si uthibitisho wa kumiliki. Kabla ya kuitoa, kampuni iwaulize majirani na wazee wa mtaa, na jina la mwenye nyumba litangazwe msikitini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mpangaji au mkaazi anayetaka kinga na apewe kinga ya vyombo vyake, ambayo ni haki yake, bila kugusa jengo. Na hati isomwe kwa lugha anayoifahamu anayeitia sahihi. Kwa mwenyeji wa visiwani lugha hiyo ni Kibajuni au Kiswahili, wala si Kiingereza cha wanasheria.

Upande wa kampuni, hatuamini kwamba nyumba ya makuti haiwezi kukingwa. Kabla ya mwaka 2013 wengi walisema mfugaji wa Wajir hawezi kukatiwa bima ya mifugo. Takaful Insurance of Africa ilitumia picha za setilaiti kupima ukame wa malisho, na mwaka 2014 ikawalipa wafugaji bila kuhesabu mizoga. Kampuni inayoweza kuuangalia ukame kutoka angani yaweza kutafuta njia ya kuwakinga watu wa kisiwa kizima kwa mkataba mmoja, kwa michango midogo inayolipwa kwa simu, kijiji kikiwa mdhamini wa ukweli wa hasara. Visiwani hakuna anayeweza kudai nyumba iliungua ikiwa haikuungua.

Hata hivyo kazi ya kuandikisha majengo na wenyewe ndiyo itangulie, na isingoje kampuni. Kadhi, wazee, na mjumbe wa utawala wakikaa pamoja wanaweza kuiandika mitaa ya zamani ya Kisimayu nyumba kwa nyumba, pamoja na nyumba ambazo wenyewe hawapo, na kupeleka nakala kwa jamaa walioko Mombasa ili wazisahihishe. Yafaa ianzie Chula na Koyama, ambako nyumba ni chache na mashahidi wa mwaka 1991 wangali hai.