Moto wa Taka: Upi Wenye Faida na Upi Wenye Madhara



Mwezi huu twapenda kusema juu ya vile vifuko vya plastiki vinavyofungiwa biskuti, majani ya chai, sabuni ya unga na peremende za watoto. Baadhi ya wazee wa wanafunzi wetu wametuuliza: “Twasikia Ulaya wachoma plastiki wakapata umeme. Basi mbona mwatukataza sisi kuichoma uani au kuwashia jiko la makaa?” Swali hili ni la haki, na lastahiki jawabu.

Kwanza yatupasa tujue kifuko kile ni kitu gani. Kwa jicho chaonekana kitu kimoja, kumbe ni tabaka kadha zilizogandamana: plastiki ya nje yenye maandishi, utando mwembamba wa alumini wa kuzuia hewa na unyevu, na plastiki ya ndani ya kuzibia. Ndiyo sababu biskuti hukaa miezi isiharibike. Lakini ndiyo sababu pia kifuko hicho hakiyeyushwi kikafanywa kitu kipya, kwani kila tabaka ina joto lake la kuyeyuka, na kuzitenganisha hugharimu zaidi ya thamani yake. Chupa ya maji ina mnunuzi. Kifuko hiki hakina. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya kubebea mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania mwezi wa Juni 2019, vifuko vya kufungia bidhaa viwandani viliachwa, na hata leo twavikuta mitaroni na pwani.

Hata hivyo, takataka hii ina joto ndani yake. Asili ya plastiki ni mafuta ya petroli na gesi, na kilo moja ya plastiki laini hutoa joto lizidilo la kilo ya makaa ya mawe, likakaribia lile la mafuta ya taa. Mji wa Vienna una kiwanda cha Spittelau, kilichojengwa mwaka 1971, ambacho huchoma taka na kuyapasha moto majumba kwa maji yapitayo mabombani. Katika bara letu, jaa la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka Machi 2017 likaua watu zaidi ya 100. Na Agosti 2018 kikafunguliwa papo hapo kiwanda cha Reppie, kilichoundwa kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku na kutoa umeme. Kadhalika wako wenye viwanda vya saruji ambao hutia vifuko hivi katika tanuri badala ya sehemu ya makaa. Humo mawe huokwa kwa joto la digrii 1,450, na ulimi wa moto hukaribia 2,000. Plastiki huteketea yote, na jivu lake pamoja na ile alumini huingia katika saruji yenyewe.

Sasa twarudi kwa muulizaji. Moto ule si moto huu. Sheria za Ulaya zataka moshi wa taka ukae katika joto lisilopungua digrii 850 kwa muda wa sekunde mbili, kisha usafishwe kabla ya kutoka dohani. Moto wa uani ni hafifu na hewa yake haitoshi. Plastiki haimalizi kuungua, bali hugeuka moshi mweusi na masizi. Na ikichanganyika na plastiki yenye klorini huzaa sumu iitwayo dayoksini, ambayo hukaa katika mafuta ya mwili na kuingia hata katika maziwa ya mama. Na ni nani auvutaye moshi huo? Ni mama apulizaye jiko, mtoto aliye mgongoni mwake, na jirani mwenye pumu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba haifai kudhuru wala kudhuriana. Basi mwenye kumfukizia jirani sumu atajibu nini?

Wala tusidhani kuwa tanuri ni dawa ya kila kitu. Nayo hutoa gesi ya kaboni, hugharimu fedha nyingi, na kiwanda kikishajengwa hutaka kulishwa kila siku. Kwa hivyo wenye ilimu hii wameupanga moto katika daraja ya nne: kwanza kupunguza taka, pili kutumia tena, tatu kuyeyusha upya, nne moto, na mwisho jaa.

Nyumbani basi tufanye haya. Jiko na liwashwe kwa makumbi, vifuu au vijiti vikavu, lisiwashwe kwa plastiki kamwe. Maganda na makombo yawekwe mbali, yarudi shambani, kwani taka iliyolowa haiungui vyema hata katika tanuri. Vifuko vikavu vikusanywe na kupewa mchukuzi wa taka. Na pasipo tanuri ya kuvipokea, ni heri viende jaa la mji kuliko kuchomwa uani, kwani penye madhara mawili huchaguliwa lililo jepesi. Mwenye uwezo na anunue sabuni ya kupima, asinunue vifuko kumi vidogo. Anunuaye kidogo kwa kuwa hana zaidi, huyo hatumlaumu; wa kuulizwa ni mwenye kiwanda, na Kenya kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022 imekwisha mbebesha dhamana hiyo. Wazee wa mitaa nao wawadai madiwani wao haki hii kwa adabu na bila kuchoka.

Kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Basi tusikiondoe njiani tukakitia katika vifua vya watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.