Mwanzi Mmoja Uani Kanyenye

Mama mwenye nyumba wangu hapa Kanyenye ni mtu mvumilivu. Alivumilia mimi kuchelewa kodi mwezi ule bumu lilipochelewa, akavumilia jiko la mkaa la mwenzangu mlangoni. Lakini siku niliposimamisha mwanzi wa mita tano na ushee uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo, uvumilivu ulifika mwisho.

"Mwanangu, hii nguzo ya nini? Watu wananiuliza."

"Ni antena ya redio, mama."

"Redio gani inayotaka mti mrefu kuliko nyumba? Ya kwangu mbona ina kijiti tu?"

Mzee wa nyumba ya pili akaongezea juu ya ukuta kwamba nitawaletea radi. Kijana wa chumba cha mwisho akasema naiba wifi ya mtu. Ndani ya dakika tano nilikuwa nimeshtakiwa makosa matatu, na sikuwa na jibu fupi la hata moja. Makala hii ndiyo jibu langu refu. Naiandikia wanachuo wenzangu kwa sababu naamini ule mwanzi, au mwingine kama huo, unapaswa kusimama hapa chuoni pia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi, si ya biashara wala ya utangazaji. Mtu anapata leseni, anapewa alama yake ya mwito, na anazungumza na wenzake duniani katika masafa yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Hapa kwetu leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na alama za Tanzania huanza na 5H. Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Mimi leseni bado sina, kwa hiyo sirushi chochote. Nasikiliza tu. Na hata kusikiliza tu kumenifundisha mambo ambayo miaka minne ya fizikia sekondari haikunifundisha.

Sasa kwa nini antena iwe ya wima? Kwa sababu wengi wetu tunaishi mageto. Chumba kimoja, uwanja wa pamoja, mwembe mmoja ambao si wako. Antena ya waya wa kulala inataka nguzo mbili na nafasi kati yake, na kwa masafa ya megahezi 14 nafasi hiyo ni kama mita kumi. Ya wima inataka kitu kimoja tu kilichosimama. Hesabu yake hata aliyekimbia hesabu anaiweza: chukua 300, gawa kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Gawa kwa nne, kisha punguza kama asilimia tano. Kwa megahezi 14.2 unapata takriban mita 5. Kwa 28.4 unapata mita 2 na nusu, yaani fito la kawaida kabisa. Kwa 7.1 ni mita 10, na hapo mama mwenye nyumba atakufukuza kweli.

Waya wangu ni wa shaba, umetoka kwa fundi wa kusuka mota, nimeufunga kwenye mwanzi kuanzia chini hadi kileleni. Hiyo ni nusu ya antena. Nusu nyingine ipo chini, na ndiyo watu wengi wanaisahau: antena ya wima inahitaji nyaya za ardhini zinazosambaa kama mizizi. Udongo wetu wa Tabora ni wa kichanga na kiangazi unakauka kweli kweli, hivyo hauwezi kuachiwa kazi hiyo peke yake. Nilianza na nyaya nne. Asubuhi ya kwanza ufagio wa mama ulizikusanya zote pamoja na majani ya mwembe. Siku hizi nimezifukia kina cha kidole, zimekuwa nane, na amani imerudi. Mwenye ruhusa ya kupanda juu anaweza kutumia paa la bati lenyewe badala ya nyaya za chini, mradi mabati yawe yameshikana vizuri. Ukitembea Kanyenye ukatazama juu utaona ni antena ngapi zinangoja nusu yao ya pili.

Faida yake kubwa ni kwamba inatupa mawimbi chini chini kuelekea upeo wa macho, na pande zote sawasawa. Mawimbi hayo yanakwenda mbali, yanagonga tabaka la juu la anga lililochajiwa na jua, yanarudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka hapa. Kwa mji kama wetu, ambao Ulaya iko kaskazini, Afrika Kusini kusini, India mashariki na Amerika magharibi, antena isiyochagua upande ni rafiki.

Na hili si la kusadiki tu, linapimika. Kuna mtandao wa vituo 18 vya alama duniani ambavyo hupokezana zamu kwenye 14.100, kila kimoja sekunde kumi, na duru nzima ni dakika tatu. Kila kituo hutaja jina lake kwa msimbo wa Morse, kisha hupiga milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Zamu zinajulikana kwa saa, kwa hiyo hata usiyejua Morse unaweza kuangalia saa ukajua nani anaongea. Jioni moja nilikuwa na redio yangu ndogo ya mkononi, ile yenye SSB, nikangoja zamu ya ZS6DN ya Afrika Kusini. Mlio wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu ukaja kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Wati moja! Hiyo haiwezi hata kuchaji simu yako vizuri, na imetoka Afrika Kusini mpaka kwenye mwanzi wa Kanyenye. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikacheka peke yangu. Kijana wa chumba cha mwisho alithibitisha yale aliyokuwa akinidhania.

Nisiwadanganye, ina udhaifu wake. Antena ya wima hudaka makelele ya mtaani kuliko ya kulala: chaji za simu za bei rahisi, taa za LED, inverta za sola. Kanyenye ya saa mbili usiku inavuma kama mzinga wa nyuki. Ndiyo maana huenda mimi ndiye mtu pekee mtaani anayefurahi umeme ukikatika. Wengine wanasema "aah!", mimi nakimbilia redio, maana anga lote linatulia ghafla. Udhaifu wa pili: kwa sababu inatupa mbali, inaruka majirani. Ukitaka kuzungumza na Nzega au Urambo, waya wa kulala ulio chini chini kwenye megahezi 7 utakufaa zaidi. Na mzee wa nyumba ya pili hakukosea kabisa kuhusu radi. Mwanzi hauiiti, lakini ikishuka hapo si mchezo. Mvua za Novemba zikianza nauchomoa waya kwenye redio, nautupa nje, na wingu likikaribia nalaza mwanzi chini. Anayesema hilo ni woga hajaona radi za Tabora.

Haya, sasa nifike kwenye hoja yenyewe. Mtu ataniambia: kaka, simu zipo, bando lipo, hayo ya babu ya nini?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mnakumbuka. Nchi nzima iliyozoea kutuma kila kitu kwa kidole ikabaki inatazama kiduara kikizunguka. Hakuna aliyekuwa amekosea hapa Tabora. Njia ilikuwa imefungwa mbali, chini ya bahari.

Mji huu unaijua hadithi hiyo kuliko mji mwingine wowote nchini. Sisi tulikuwa fundo la njia za misafara: kutoka Bagamoyo unafika hapa, halafu unachagua, Ujiji magharibi au Karagwe na Buganda kaskazini. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba. Kila habari ilitembea kwa mguu wa mpagazi. Mwaka 1871 Mirambo alipofunga njia ya magharibi, kila kitu kikakwama Unyanyembe. Mfuko wa barua za Livingstone uliotumwa kutoka Zanzibar Novemba 1870 ulikuwa umelala hapa, na ulimfikia Ujiji mwishoni mwa 1871 kwa sababu Stanley aliuchukua akazunguka na njia ya kusini. Mwaka mzima barua iko njiani! Wimbi la redio kutoka Bagamoyo, hata likipanda angani na kurudi, linafika Tabora kwa kama milisekunde tatu, na halimwombi mtu njia.

Sisemi redio ya ridhaa itachukua nafasi ya intaneti. Haitatuma pesa, hairuhusiwi kufanya biashara, na huwezi kupakua noti za mhadhara. Ninachosema ni kwamba mji uliowahi kufungiwa njia moja ukakwama unapaswa kuwa na ya pili, hata kama ni nyembamba. Desemba 2004 tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman, mpenda redio wa India, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair na wenzake kwa ajili ya shughuli yao ya kawaida ya redio. Simu zilipokatika, mitambo ile ya "kujifurahisha" ndiyo iliyopeleka bara habari za nani yuko hai. Hawakujifunza siku ile. Walikuwa tayari wanajua. Ujuzi huu haununuliwi siku ya msiba.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Vikundi vya wageni hufika Zanzibar, husimamisha antena za wima ufukweni kwa sababu maji ya chumvi huzifanya zifanye kazi maradufu, wakarusha kwa wiki moja, na dunia nzima inapanga foleni kuzungumza na "Tanzania". Sina ugomvi nao, wana leseni na wanafanya jambo zuri. Lakini mara nyingi alama ya nchi yetu inasikika duniani kwa sauti ya mgeni. Sisi tupo hapa mwaka mzima, na wengi wetu ni walimu watarajiwa. Tutakwenda kumwambia mtoto wa kidato cha nne kwamba mawimbi yanaakisiwa angani, akituuliza "mwalimu, umewahi kuyasikia?" tutamjibu nini?

Kuna hofu ya usalama pia, na lazima ijibiwe kwa heshima. Nguzo yenye waya inawatia watu shaka, na sheria inataka leseni. Ni sawa. Lakini tazama kanuni zenyewe: kila anayerusha lazima ataje alama yake, na kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana ya mazungumzo kati ya nchi na nchi. Mtu anayetaka siri ana simu yake mfukoni. Huyu wa redio anaongea mbele ya dunia nzima na jina lake limeandikwa serikalini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote yanawezekana. Serikali yetu ya wanafunzi iandikishe klabu ya redio kama ilivyo klabu ya mdahalo, ianze na wasikilizaji tu, maana redio moja ya kupokea tukichangishana watu ishirini haimuumizi mtu. Chuo kitupe kona moja ya paa na barua ya utambulisho, ili mwombaji wa leseni asionekane kama mtu aliyetoka vichakani. Na TCRA itume mtu chuoni siku moja kutueleza utaratibu wa leseni hatua kwa hatua. Hawa wanaosoma makala hii wataujaza ukumbi, nawaahidi. Mtambo wa kurushia ni ghali kwa mwanafunzi mmoja, lakini kwa klabu yenye leseni mmoja unatosha, na betri ya gari na paneli ya sola vinauendesha hata umeme ukikatika.

Mama mwenye nyumba nilimwita jioni moja akakaa kwenye ndoo yangu. Nikampa spika ya sikioni, tukangoja zamu. Akasikia milio miwili.

"Hiyo inatoka wapi?"

"Afrika Kusini, mama."

Akanyamaza kidogo. "Ndugu yangu mmoja alikwenda migodi ya huko zamani. Hatukupata hata barua."

Alinirudishia spika, akainuka. Mwanzi umebaki ulipo. Ila kamba ya nguo kaniambia niisogeze, na nimeisogeza.